Bahari ya Bagamoyo kwa mwenye ubao na mwenye taulo: saa ya maji kwanza, majira baadaye

Tuanze na hukumu. Kwa anayetafuta mawimbi makubwa ya kupanda kwa ubao mwaka mzima, Bagamoyo inapata alama 3 kati ya 10. Kwa anayejifunza, au anayetaka kulala kifudifudi juu ya ubao mfupi na kusukumwa na povu alasiri ya Januari, inapanda hadi 7. Kwa familia yenye watoto inayotaka maji ya joto yaliyotulia, inafika 8, ila kwa siku fulani tu za mwezi. Familia hiyo hiyo ikija siku isiyo yake itashuka pwani saa 4 asubuhi na kukuta bahari imeshaondoka, imebaki mchanga wenye maji ya kifundo cha mguu na mashua zimelala ubavu.

Hoteli zina ubora wake na kasoro zake, lakini si hizo zinazotenganisha alama 3 na alama 8. Kinachotenganisha ni saa ya maji. Malalamiko mengi kuhusu ufukwe huu, kwamba ni wa tope, hauna kina, au hauna mawimbi, ni ya watu waliofika maji yakiwa yamekupwa. Wengine hulalamika kwamba bahari ni chafu na ina nguvu: hao walikuja Aprili baada ya mvua. Wote wanasema kweli, na wote wangeweza kuambiwa mapema.

Kwa nini wimbi la hapa ni fupi

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na imekaa mbele ya sehemu hii ya bara kama ukuta. Mawimbi marefu yanayozaliwa mbali katika Bahari ya Hindi huishia upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye miamba ya Paje na Jambiani. Kidogo kinachopenya kwa upande wa kusini hupita juu ya mafungu, yaani vilima vya mchanga chini ya maji, na maji yasiyo na kina, na kufika Bagamoyo kikiwa hakina nguvu tena. Wimbi unaloliona hapa kwa kawaida limetengenezwa na upepo ndani ya mkondo kati ya kisiwa na bara, eneo la kilomita 40 hivi kwa upana, ambalo sehemu kubwa kina chake hakifiki mita 50.

Matokeo yake ni wimbi la sekunde 3 hadi 5 kutoka kilele hadi kilele, wakati wimbi la bahari kuu huwa na sekunde 8 hadi 14. Hesabu mwenyewe ukiwa mchangani: tazama kilele kimoja kikipita kamba ya mashua iliyofungwa, hesabu hadi kinachofuata. Ukipata 4, ujue huna muda wa kupumzika kati ya wimbi na wimbi. Ukipata 7 au 8, jambo la nadra hapa, kuna wimbi la mbali limepenya na siku hiyo inastahili ubao mrefu.

Upepo ukifika kilomita 20 hadi 30 kwa saa, wimbi la hapa huwa kati ya goti na kiuno. Siku chache za kaskazi kali, upepo wa kaskazini mashariki, hufika kifuani. Zaidi ya hapo bahari inakuwa imevurugika tu, vilele vinagongana, na hakuna cha kupanda.

Jambo la pili ni mteremko. Chini ya bahari hapa ni bapa mno. Ndiyo maana jahazi na dau zilipapenda kwa karne nyingi: unaingia na maji yaliyojaa, maji yanapwa, chombo kinakaa juu ya mchanga, mnapakua kwa miguu. Meli za moshi hazikuweza hilo, nazo zilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya Wajerumani kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Mteremko uliokimbiza meli ndio huo huo unaomlinda mtoto wa miaka 6 asizame ghafla, na ndio unaolivunja wimbi mbali kabla halijakufikia.

Wimbi huvunjika likifika kwenye kina kinachokaribia mara 1.3 ya kimo chake. La nusu mita linavunjika kwenye maji ya sentimita 65. Maji yakiwa nusu, hapo ni mbali sana na ufukwe, juu ya mchanga bapa. Linavunjika, linakuwa povu, povu linatambaa mita nyingi na kufa bila kukuacha popote. Maji yakijaa kabisa, wimbi lile lile linafika kwenye mteremko wa juu wa ufukwe, ulio mkali kidogo, na linavunjika kwa mkupuo karibu na mchanga mkavu. Hapo ndipo penye raha, na hapo ndipo shingo huumia.

Saa ya maji

Bahari hii hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na robo hivi, na kila siku muda husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni mita 3 hadi karibu 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Bamvua kali za mwaka huja Machi na Aprili, kisha tena Septemba na Oktoba.

Piga hesabu ya mchanga. Mahali ambapo chini inashuka mita 1 kwa kila mita 100 za kutembea, bamvua ya mita 3 na nusu inafunua mita 350 za mchanga mtupu. Siku ya maji mafu inafunua mita 100. Ufukwe ni ule ule, wiki moja tu imepita.

Kitu kizuri kwenye pwani yetu ni kwamba saa za bamvua hazihamihami sana. Siku za bamvua maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, yanapwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu mambo yanageuka: kujaa ni kama saa 4 au saa 5 asubuhi, kupwa ni saa 10 au 11 alasiri. Anayejua tarehe ya Kiislamu ameshajua nusu ya jibu bila kufungua simu. Kuanzia kama tarehe 11 hadi 15 ya mwezi, na tena kuanzia 26 hadi mwandamo, maji hujaa kati ya saa 8 mchana na saa 11 jioni. Hizo ndizo siku za mwenye ubao, maana kilele cha maji kinakutana na upepo wa mchana. Tarehe 6 hadi 9 na 21 hadi 24 ni za mwenye watoto: maji yamejaa asubuhi, upepo bado mdogo, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa dakika kamili tumia majedwali ya maji ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Ukikosa ukurasa wa Bagamoyo, soma Dar es Salaam au Zanzibar; tofauti ni ya dakika tu na kwa kuogelea haina madhara. Programu za simu nazo zinatosha, ila hakikisha umechagua saa za Afrika Mashariki, maana kosa la saa 3 hapa ni kosa la nusu ya bahari. Au fanya kama wenyeji: pita kwenye mashua, msalimie mzee anayetengeneza wavu, "Shikamoo mzee, maji yanajaa saa ngapi leo?" Jibu lake huwa limekokotoa na upepo ndani yake.

Ukishajua saa ya kujaa, tumia kanuni ya sehemu 12. Kutoka kupwa hadi kujaa, saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1 kati ya 12, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.6 maana yake saa ya tatu na ya nne maji yanapanda sentimita 90 kila moja, na kwenye mteremko tuliotaja ukingo wa maji unasogea mita 90 kwa saa. Saa ya mwisho kabla ya kujaa na ya kwanza baada yake ni sentimita 30 tu. Kwa hiyo ingia saa 2 kabla ya maji kujaa, toka saa 1 na nusu baada. Ukizidisha hapo unaanza kuburuta ubao kwenye maji ya goti.

Kosa la hatari kuliko yote ufukweni hapa hufanyika maji yakiwa hayapo. Watu hutembea mbali kwenye mchanga ulio wazi, wanapiga picha juu ya fungu lililoinuka kidogo. Kati ya fungu na ufukwe kuna bonde la kina kifupi ambalo macho hayalioni, mgongo wa mchanga umelificha. Maji yanaporudi hayaji kwa mbele kwanza. Yanaingia kwa pembeni na kujaza bonde. Unageuka, nyuma yako kuna maji ya kiuno yanayotembea. Akina mama wanaookota chaza na kombe huanza kurudi maji yanapogeuka, hawangoji yawafikie. Ukiwaona wanaondoka, ondoka.

Mwaka unavyokwenda

Kaskazi, kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari, ndio msimu wa mawimbi Bagamoyo. Ufukwe unatazama kaskazini mashariki, na upepo unatoka huko huko, unapiga uso kwa uso. Alfajiri huwa na umande kutoka bara, bahari imelala. Kufika saa 4 asubuhi kaskazi inaanza kusikika, saa 6 mchana joto la nchi kavu linaiongezea nguvu, na kuanzia saa 8 hadi saa 11 jioni ndiyo saa yake. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika kuliko yote. Maji ni ya nyuzi 28 hadi 29, huhitaji vazi lolote zaidi ya fulana ya kuzuia jua na mchubuko wa tumbo.

Alasiri nzuri ya kaskazi inaonekana hivi: mstari wa povu la kwanza uko mita 60 au 80 nje, unaanguka taratibu na kujikusanya tena, halafu wimbi linasimama mara ya pili karibu na mchanga, kijani chafu, limebeba chembe za mchanga tumboni, na linaanguka kwa mara moja. Anayeanza akae kwenye povu la kwanza, asimame maji yakiwa kiunoni, ageuze ubao kuelekea nchi kavu, na ajirushe povu likiwa hatua 3 nyuma yake. Anayejua kidogo asogee kwenye eneo la kujikusanya tena. Hapo wimbi lina uso wa sekunde 4 au 5 kabla ya kuanguka. Mkupuo wa mwisho kwenye mchanga uachwe kwa watu wenye ubao mfupi wanaojua kutoka mapema kwa ubavu.

Upepo unaopiga uso kwa uso una faida moja kubwa: kila kitu kinarudi ufukweni, ubao uliokuponyoka, kofia, na wewe mwenyewe. Una kero moja pia. Unalivunja wimbi kabla ya wakati wake na kulichafua uso. Suluhisho ni kungoja. Mara nyingi saa 11 na nusu upepo hulegea ilhali mawimbi bado yanakuja, na kama maji yamejaa saa 11 unapata dakika 40 au zaidi za uso laini. Hizo ndizo dakika bora za mwaka mzima hapa, na wengi huwa wameshavaa viatu.

Machi kaskazi inakufa, bahari inakuwa ya moto, nyuzi 29 hadi 30, na joto la nchi kavu halivumiliki mchana. Bamvua kali za mwezi huu hufika hadi kwenye kuta za majengo na mizizi ya mivinje, ufukwe unatoweka kabisa kwa saa 2 hivi. Ukiwa na mkeka na vyombo, viweke juu kabisa.

Masika, Aprili na Mei, tunashauri usije kwa ajili ya bahari. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini mwa mji, na ukifurika unashusha udongo, matete na magogo. Maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, huoni mkono wako kwenye kina cha kiuno. Mifereji ya mji nayo inamwaga pwani. Baada ya mvua kubwa acha siku 2 zipite. Na usiogelee kabisa karibu na mlango wa Ruvu, msimu wowote: viboko na mamba wa delta si hadithi ya kuwatishia wageni.

Kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, ni msimu unaodanganya. Taarifa za hali ya bahari zinataja mawimbi makubwa, watu wa ubao wanafurahi, wanafika na kukuta fujo ya kimshazari. Upepo unatoka kusini mashariki na kupita sambamba na ufukwe, rasi ya upande wa Mbegani inakata sehemu ya nguvu, na kinachobaki kinakuja kwa pembe na kuvunjika vipande vipande. Hatari ya kusi ni mkondo wa kando. Unaingia mbele ya TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha Bagamoyo, baada ya dakika 20 unajikuta unatazamana na mashua za soko la samaki bila kuhisi umesogea. Chagua alama 2 nchi kavu, mnazi mmoja na paa moja, na kila zinapoachana toka majini, rudi kwa miguu, anza upya. Kushindana na mkondo kwa kuogelea ni kujichosha bure. Asubuhi za Julai zina ubaridi, maji ni nyuzi 25 au 26, na mtoto mwembamba atatetemeka baada ya nusu saa.

Septemba hadi katikati ya Novemba, kusi ikizeeka na kaskazi haijaja, ndio wakati tunaoupa alama 8 ile ya familia. Pepo ni hafifu na za kubadilika, mvua za vuli bado ni za manyunyu, maji ya Ruvu yamepungua na bahari inakuwa safi kadiri Bagamoyo inavyoweza kuwa safi. Usitegemee maji ya kioo. Mchanga laini na mikoko haviruhusu. Mwenye ubao aulaze nyumbani.

Wapi pa kuingilia

Mbele ya TaSUBa na upande wake wa kusini ndipo pazuri kwa wimbi la kaskazi: mchanga mpana, mashua chache, na pa kukaa papo. Wikendi na sikukuu hujaa watu, kwa hiyo mwenye ubao ajitenge mita 100 kutoka kwa waogeleaji.

Soko la samaki na forodha ya zamani ni pa kutazama na kula, si pa kuogelea. Matumbo ya samaki huvuta kila kiumbe, mafuta ya mashine yanaelea, na mahali vyombo vinapotengenezwa mchanga una misumari na vipande vya mbao. Hatari hasa ni kamba za nanga. Maji yakiwa yamekupwa unaiona kamba imelala mchangani kutoka omo, yaani mbele ya mashua, hadi nanga, mita 15 au 20, ina dumu la plastiki katikati. Maji yakijaa mashua inainuka, kamba inakaza na kukaa kwenye kimo cha goti au kifua chini ya maji ya kahawia. Anayekuja na wimbi kwa kasi anakatwa nayo. Ukiona dumu linaelea peke yake, hesabu kuna kamba pande 2 zake. Ngalawa nazo zina matengo yanayotokeza pande zote mbili. Wimbi likiiyumbisha, tengo linashuka kwa uzito wa mtu mzima.

Upande wa Misheni ya Kikatoliki, kaskazini mwa soko, ufukwe ni mtulivu na hoteli nyingi ziko huko. Uliza kama bei ya kinywaji inakupa haki ya bafu la maji baridi na choo kabla hujakaa, maana utaratibu unatofautiana nyumba kwa nyumba. Kaole, kilomita 5 hivi kusini, nenda kwa magofu ya msikiti wa karne ya 13. Bandari yake ya kale ilizibwa na mchanga na mikoko, na kwa kuogelea haifai.

Usipange safari ukitegemea mwokoaji. Njooni angalau 2, mmoja abaki na macho majini.

Yanayochoma na yanayovunja

Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia kwenye mchanga wa maji ya goti, hasa maji yakianza kujaa. Maji yakipwa utaona mashimo yao ya duara, upana wa sahani, kina cha vidole 3. Ukiona mengi, tembea kwa kuburuta nyayo bila kuinua mguu. Taa akihisi mtikisiko anakimbia mwenyewe. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo mguu wa pili usiochomwa unayavumilia, kuanzia nusu saa hadi saa 1 na nusu, kisha hospitali kwa sababu vipande vya mwiba hubaki ndani.

Konyeza, kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazochoma, huletwa na kaskazi. Ondoa nyuzi zake kwa kibano au kipande cha kadi, suuza kwa maji ya bahari, usisugue na mchanga, usimwagie maji baridi ya bomba. Kifua kikibana au pumzi ikipungua, ni hospitali mara moja.

Usipige mbizi kwa kichwa. Kati ya wimbi na wimbi maji yaliyokuwa kifuani yanashuka hadi kiunoni, na fungu la mchanga linaweza kuwa hatua 2 mbele. Ukianguka kutoka kwenye ubao anguka kama umejilaza, mikono imefunika kichwa.

Taarifa za hali ya hewa zisomwe kwa akili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Sentensi inayojirudia ni ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika ukanda wa pwani. Mita 2 hizo ni za bahari wazi. Bagamoyo ufukweni zitafika nusu yake au chini. Lakini boti ya kwenda mafunguni siku hiyo usipande, hata nahodha akikuhakikishia. Vimbunga ni nadra pwani yetu, ila Hidaya iliyotua Mafia Mei 4, 2024 ilionyesha kwamba nadra haina maana ya kamwe. Siku ya tangazo la namna hiyo hata ufukweni usikae.

Ubao gani

Mawimbi dhaifu yanataka ubao unaoelea sana. Kwa mtu mzima wa kilo 65 hadi 80, ubao laini wa sponji wa futi 8 au 9 ndio unaofaa; ubao mfupi mkali wa futi 6 utazama chini yako na utarudi nyumbani ukiamini hujui. Mapezi yawe mafupi na ya plastiki laini, maana mchanga utayagonga. Ubao wa kulalia wa inchi 40 hadi 42 unatosha watu wengi: usimamishe ardhini, ncha ifike kitovuni. Kamba ya mguuni ni lazima siku zenye watoto majini. Njoo na wako, usije ukitumaini kukodi. Nta ya maji ya joto ndiyo inayofaa. Ya maji baridi huyeyuka juani kabla hujafika mchangani.

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi kwa barabara, na basi za Bagamoyo zinapatikana stendi ya Makumbusho. Ubao wa futi 8 hauingii ndani ya basi bila ugomvi, hivyo zungumza na kondakta kabla ya kupanda, ama chukua wa kulalia unaokaa magotini. Maji yakijaa saa 10, uwe umeondoka Makumbusho saa 5 asubuhi. Foleni ya Tegeta na Bunju itakula ziada. Bajaji kutoka stendi hadi pwani ni dakika chache.

Anayeona haya yote ni masharti mengi kwa wimbi la kiuno aende kwingine, na hatutamlaumu. Ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, una wimbi lenye nguvu kidogo zaidi lakini una miamba ya matumbawe chini, viatu ni lazima. Fukwe za Kigamboni zinazotazama bahari wazi zinapokea kusi vizuri zaidi. Mwenye ubao wa kuvutwa na tiara ya upepo aende Paje, ambako kuna nafasi na hakuna kamba za nanga mia.